Siku Sitini za Gati Namba Tatu

Jumatatu, 1 Juni

Mama amenipa daftari hili asubuhi na kuniambia, "Kutwa nzima unaongea na wageni, ukirudi nyumbani unanimalizia mimi. Masikio yangu nayo yana haki zake. Andika." Basi naandika.

Msimu umefunguliwa. Boti imepakwa rangi ya bluu, viti ishirini na nane vimefutwa, jaketi za uokozi zimekaguliwa moja moja. Kazi tumegawana hivi: Mjomba, kaka yake Mama, ndiye nahodha. Mama anakata tiketi kibandani. Mimi nasimama mbele na kipaza sauti, nawaeleza wageni wanachokiona, tangu tunapoondoka hapa nyuma ya soko la jiji, tunapovuka maziwa yetu matatu na mifereji miwili inayoyaunganisha, mpaka kisiwa cha ndege na kurudi. Safari nzima ni saa moja na dakika ishirini. Kabla ya kazi hii nilikuwa natangaza bei za sabuni na mchele kwenye spika za duka kubwa kwa miaka sita, kwa hiyo mdomo ninao.

Ofisi ya maziwa wamebandika tangazo jipya ubaoni: gati lisilotoa boti yenye abiria kwa siku sitini mfululizo litapewa mwombaji mwingine. Mwombaji mwenyewe tunamjua. Ni kampuni ya gati namba nne, yenye boti nyeupe ya orofa mbili, ambako abiria wanavaa vidude masikioni na kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Gati letu wanalimezea mate siku nyingi. Mama alisoma tangazo, akasonya. "Siku sitini? Sisi hatujalala hata mbili," akasema, akarudi kibandani kwake.

Jumamosi, 6 Juni

Boti imejaa mara tatu. Koo linawasha.

Mjomba leo kagonga ubao wa usukani mara nne, na kila akigonga maana yake ni moja: nimekimbia mno. "Polepole," ananiambia tukishuka. "Hapa hatuuzi sabuni." Maelezo ninayotoa aliyatunga yeye mwenyewe miaka ishirini iliyopita, na mimi nimeyakariri neno kwa neno. Haruhusu kuongeza wala kupunguza. Hata pa kuvuta pumzi kanipangia. Tukikaribia gati lazima nisimame mbele kabisa na kupaza sauti: mita kumi, mita tano, mbili, kamba! Wageni wanalipenda hilo, wanapiga makofi. Mimi naliona kama maigizo tu, lakini mzee kashasema.

Jumanne, 9 Juni

Rasharasha. Abiria watano, wawili wao walikuwa wamekosea boti.

Jumapili, 14 Juni

Leo nimegombana na Mjomba, na sijutii. Kwenye kisiwa nilisema ndege ni wengi "kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi." Boti nzima ikacheka. Yeye akagonga ubao utadhani anapigilia msumari.

Tuliposhuka nikampa vidonge vyake. Nilimwambia watu wamechoka kusikia habari za pampu ya zamani na mtambo wake uliopoteza gurudumu, na kwamba wale wa gati namba nne wana sauti ya kurekodi na bado wanatuzidi abiria, kwa sababu hata sauti ya kurekodi inabadilishwa kila mwaka.

"Sema kama nilivyokufundisha," akanijibu.

"Kwani ukiachia maneno mawili matatu yabadilike utapungukiwa nini?"

Alikunja kamba yake polepole, kwa vidole, akiipapasa kila mkunjo, akaenda zake. Kichwa ngumu yule. Mama anasema ni uzee. Nasema ni kujiona.

Ijumaa, 26 Juni

Jua kali. Safari nne. Mjomba kala chakula cha mchana amesimama, kama kawaida yake.

Jumamosi, 4 Julai

Leo nitaandika yote.

Safari ya saa nne asubuhi ilikuwa na abiria ishirini na sita, walimu wa shule moja waliotoka kutembea pamoja. Walimu wakiwa likizo hawana adabu hata kidogo, na niliwapenda palepale. Walicheka kila nilichosema. Tukaingia Ziwa la Kati, na mbele yetu kulikuwa na bomba la moshi la kiwanda cha matofali. Kwa maelezo ya Mjomba, hapo kwanza inakuja pampu, habari yake yote, gurudumu na nini, halafu ndiyo kiwanda. Mimi nikasema moyoni, pampu leo ipumzike. Nikaruka moja kwa moja kwenye kiwanda, nikawatilia na chumvi ya kwangu kuhusu mwenye kiwanda aliyekuwa akilala juu ya matofali ili yasiibwe. Wakavunjika mbavu. Nikamalizia na sentensi ile ya kila siku: "Na matofali hayo ndiyo yaliyojenga nusu ya jiji mnaloliona nyuma yenu."

Boti ikakata kulia.

Mfereji wa pili ulikuwa bado mbali, mita mia mbili na zaidi. Kulia pale hakuna mfereji. Kuna fungu la tope, na kila mwenye boti analijua. Nikageuka kumtazama Mjomba na nikamwona ametulia kabisa, mikono kwenye usukani, macho mbele, uso wa mtu anayefanya kazi yake sawasawa. Nilisahau kipaza sauti kiko mdomoni. Nikapiga kelele, "Mjomba, tope!" na spika zote zikapiga kelele pamoja nami.

Tukapanda tope kwa ulaini kabisa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mwalimu mmoja alimwaga chai. Tulikaa pale saa nzima na nusu, jua utosini, mpaka boti nyeupe ya gati namba nne ikaja kutuvuta, abiria wao orofa ya juu wakitupiga picha. Nahodha wao, yule tunayemwita Kofia kwa ajili ya likofia lake kubwa la majani, alirusha kamba bila kusema neno. Nilimchukia hata kwa kukaa kimya.

Abiria waliposhuka, na Mama alipokuwa kibandani anawaomba radhi mmoja mmoja, nilibaki na Mjomba botini. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" nikamuuliza.

"Umeruka pampu," akasema.

"Nini?"

"Umeruka pampu. Ukimaliza matofali mimi nakata kulia. Siku zote ukimaliza matofali tumeshafika mferejini."

Nilicheka, kweli nilicheka, nikidhani ananitania. Halafu kicheko kikanikauka. Nilimsogelea nikasimama mbele yake, hatua moja, nikakunja uso vibaya kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Hakubadilika. Alikuwa anatazama begani kwangu.

"Unaniona?" nikamuuliza.

"Pembeni naona. Sikio lako naliona, na kibanda, na boti ya jirani. Katikati pana kitu kama moshi." Akapapasa usukani. "Mwaka wa tatu huu."

Basi yote yakaja kwa mpigo. Kugonga ubao nikikimbia. Pumzi nilizopangiwa. Mita kumi, mita tano, mbili, kamba. Nilidhani natumbuiza wageni, kumbe mimi ndiye niliyekuwa naendesha boti, kwa mdomo, bila kujua, na boti nzima ya watu nyuma yangu.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nilimwambia ameyachezea maisha ya watu, na ya kwangu, na ya dada yake. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Yeye hakujitetea. Alisema, "Nilijua siku itafika. Nilikuwa naiomba ifike bila mtu kuumia." Kisha akalia, mzee mzima, ameshika usukani. Nikakaa chini kwenye kamba nikalia na mimi.

Jumatatu, 6 Julai

Mjomba kavaa shati jeupe, kaniomba nimshike mkono mpaka ofisi ya maziwa. Kakirudisha cheti chake cha unahodha mezani na kuwaambia sababu, wazi, bila kuzungukazunguka. Nilikwenda nikiwa bado na hasira naye, nikarudi nikiwa sijui nimpe hasira hizo nani.

Boti imefungwa kamba. Kuhesabu kumeanza: tangu tarehe nne, siku sitini zinaisha tarehe mbili Septemba.

Jumanne, 7 Julai

Mama alikaa mezani asubuhi nzima hajagusa chai. Halafu akasema, "Wewe ndiye utakayeendesha." Akasema kama mtu anayenituma dukani.

Masharti ni haya: saa arobaini kwenye usukani, bila abiria wa kulipa, pembeni yako awepo nahodha mwenye cheti. Halafu mtihani. Mtihani uliobaki msimu huu ni mmoja tu, Jumamosi ya tarehe 29 Agosti. Nikifeli, gati linakwenda. Nahodha wa kunikalia pembeni sina.

Jumatano, 8 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta Kofia amekaa botini kwetu, na kofia yake.

"Boti yangu inaondoka saa tatu," akasema. "Washa injini."

Nikamuuliza kama kampuni yake inajua yuko hapa. Akasema kampuni inataka gati, yeye anataka usingizi, na leo wote wawili wamekosa. Kumbe alijifunza kazi kwa Mjomba, miaka mingi nyuma, na alikuwa anagongewa ubao vilevile.

Nimeligonga gati mara mbili nikitoka. Kutoka tu.

Jumapili, 12 Julai

Nimegonga gati. Mara moja, lakini kwa nguvu.

Jumamosi, 18 Julai

Nimegundua dawa. Nayasema maelezo ya Mjomba kimoyomoyo, kwa mwendo wake, na kila sehemu nakata pale anapokata yeye. Leo nimevuka maziwa yote matatu na kurudi bila kugusa kitu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mama kanipikia chai ya maziwa bila kuombwa.

Jumatatu, 20 Julai

Upepo. Dawa imegoma. Nilifika kwenye "nusu ya jiji" na mfereji ukawa uko kushoto kwangu, mbali kabisa. Kofia alinipokonya usukani tukiwa tumebakiza mita chache kuingia kwenye matete.

"Upepo haujui hadithi ya mjomba wako," akasema. "Nyamaza uangalie."

Kuninyamazisha mimi ni kama kumwambia mtu aache kupumua. Nimejaribu. Nimedumu dakika nne.

Jumamosi, 25 Julai

Dakika kumi na moja.

Alhamisi, 30 Julai

Jamaa wa kampuni, mwenye suti, alikuja na futi ya kupimia. Kapima gati letu urefu na upana mbele ya Mama, akiandika. Mama alitoka kibandani na ufagio, akaanza kufagia palepale alipokuwa amesimama, mpaka akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi gati namba nne. Sina mbavu.

Jumanne, 4 Agosti

Kofia hakuja. Kampuni wamemwambia achague. Nilikaa botini mpaka jua likawa kali, injini haijawashwa. Saa kumi na tisa tu ninazo.

Jumatano, 5 Agosti

Kaja. "Nimechagua," akasema, na zaidi ya hapo hataki kuulizwa. Baadaye Mama ndiye aliyenipa habari: aliwaambia kuwa asubuhi zake kabla ya saa tatu hawamlipi, kwa hiyo si zao, na kama hawataki watafute mwingine wa kuendesha orofa mbili. Wakanywea.

Huyu mtu nilimchukia kwa sababu ya kofia na ukimya. Sijui nilikuwa na akili gani.

Jumatatu, 10 Agosti

Mjomba sasa anakuja nasi. Amekaa kwenye benchi la nyuma kama abiria, mikono magotini. Siku tatu za kwanza alikuwa anafunga macho kila nikikaribia gati. Leo nikamwambia, "Na hayo macho yenyewe unayafunga ya nini?" Nikajuta kabla sentensi haijaisha. Yeye kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu tarehe nne Julai.

Kanifundisha kitu leo. Maji ya kina kirefu, anasema, injini inakoroma kwa kifua. Maji yakipungua inakoroma puani. Nimesikiliza, na kweli. Na nikitazama wakati huohuo naona rangi inageuka, kijani hadi kahawia. Miaka mitano nimepita hapa nikieleza watu wanachokiona, na mimi sikuwahi kukiona.

Jumapili, 16 Agosti

Saa thelathini. Gati sijagusa siku sita.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimeligusa. Kijasho chembamba.

Ijumaa, 28 Agosti

Saa arobaini na moja. Kesho ni kesho. Sina hamu ya kula. Mama kaniambia kama nikifeli hatanilaumu, na kwa jinsi alivyokuwa anakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena, nimejua anajikaza kisabuni. Kibanda kile ndicho maisha yake. Mjomba alitia neno moja tu: "Ukiogopa, punguza mwendo. Maji hayana haraka na wewe."

Jumamosi, 29 Agosti

Naandika yote, kwa mpangilio, nisije nikaanza na mwisho.

Mkaguzi ni mama mwembamba, kalamu juu ya sikio, hana salamu ya ziada. Kofia aliruhusiwa kupanda lakini si kufungua mdomo. Mjomba na Mama walibaki gatini.

Nikatoka vizuri. Ziwa la Juu nikavuka, mfereji wa kwanza nikapita, ikawa raha. Nikajiambia leo ni letu. Tulipofika kisiwani mkaguzi akasema, "Sasa uturudishe. Lakini hutazunguka kama mnavyozungukaga na wageni. Rudi kwa njia hiihii ya mfereji wa pili, upepo ukiwa ubavuni."

Sisi hatupitagi hivyo. Miaka ishirini boti hii inazunguka upande mmoja: inaingia kwa mfereji wa pili, inarudi gatini kwa mlango wa maji ulio wazi nyuma ya kisiwa. Kwa maneno ya Mjomba ni sawa na kuanza mwisho wa hadithi na kurudi kwenye mwanzo wake. Na kweli kichwani hakukuwa na neno hata moja. Kulikuwa na maji tu, na upepo unasukuma kutoka kulia, na mdomo wa mfereji unaonekana mdogo kama tundu la sindano.

Nikapunguza mwendo. Nikaelekeza pua ya boti kulia kidogo ya pale nilipotaka kufika, upepo ukanirudisha katikati. Nikaingia. Nikashika katikati.

Halafu nikaona tishali la mchanga, chombo kile kipana cha mizigo, linaingia kutoka upande wa pili.

Tishali lililojaa halisimami. Limebeba mchanga wa nyumba nzima na haliwezi hata likitaka. Mfereji ule boti mbili nyembamba zinapishana, lakini sisi na tishali, hapana. Nyuma kulikuwa na mita sitini mpaka ziwani, na upepo. Nikamwona Kofia akishika ukingo wa benchi. Mkaguzi alikuwa anatazama matete, kana kwamba hayamhusu.

Nikapiga honi moja ndefu. Nikatia rivasi.

Kurudi nyuma kwenye mfereji na upepo wa ubavu, wee acha tu. Nyuma ya boti ilitaka kwenda kushoto kila sekunde. Nilikuwa natazama nyuma, natazama tishali, natazama rangi ya maji. Injini ikaanza kukoroma puani. Nikajua kushoto kumekwisha, nikavuta usukani, kidogo, nikangoja, kidogo tena. Tishali lilikuwa karibu kiasi cha kuona mtu wake anakula mkate. Sikusema neno. Nadhani ni dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kimya maishani, na sikuona hata shida. Tukatoka mferejini, nikakata, tishali likapita mbele yetu polepole, na yule mtu akatuinulia mkate wake kwa heshima.

"Kwa nini hukumpisha kwa kubana kushoto?" mkaguzi akauliza. Ndiyo sauti yake ya kwanza kwa nusu saa.

"Kushoto maji ni ya magotini. Yamekuwa kahawia, na injini imebadilika sauti."

Akaandika. Akaandika sana.

Gati namba tatu nikalifikia bila kuligusa, nikaachia nafasi ya kiganja. Mkaguzi akashuka, akageuka. "Umefaulu," akasema, akanipa cheti. "Kamba yako ya nyuma umeifunga vibaya."

Nilipiga yowe mpaka ndege wa sokoni wakaruka. Mama alinikumbatia na tiketi zikiwa mkononi, zikamwagika majini, akasema ziende. Kofia alivua kofia. Sikujua ana upara. Mjomba alikiomba cheti. Akakisogeza pembeni ya jicho lake, upande unaoona, akakisoma herufi kwa herufi, kidogo kidogo, kuanzia juu mpaka mhuri. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akanirudishia kwa mikono miwili.

Nina furaha. Sijui niiandike vipi zaidi ya hivyo.

Jumanne, 1 Septemba

Siku ya hamsini na tisa. Tumetoka.

Saa tatu kamili asubuhi, abiria ishirini na wanane, hakuna kiti kilichobaki. Jamaa wa suti alikuwa amesimama gati namba nne na karatasi yake. Mama alimkatia tiketi ya bure ya siku yoyote, "ukipata nafasi, maana kesho tumejaa." Karani wa ofisi ya maziwa alikuja mwenyewe kuandika kwamba boti imetoka na watu. Nilimwona anaandika. Nilitaka kulibusu lile daftari lake.

Kipaza sauti tulimpa Mjomba. Hadithi ni zake, na mimi sasa nina kazi ya kutazama. Mama kanidokeza jambo wakati abiria wanapanda: kwamba kwa miaka mitatu kaka yake hakuwahi kupata lepe la usingizi mchana siku za kazi, wala kula amekaa. Alikuwa anaogopa kukaa akasahau ni neno lipi linampa kona ipi.

Mzee alianza vizuri. Aliwakaribisha watu kwa sauti nzuri kuliko yangu, akawaambia aliyeshika usukani ni mtoto wa dada yake, wakapiga makofi. Akawapa Ziwa la Juu lote. Tukaingia mfereji wa kwanza, kivuli, maji yametulia, jua linapita kati ya majani. Tulipotokea upande wa pili nikasubiri asikie injini na kuendelea. Kimya. Nikageuka haraka.

Alikuwa amelala. Kwenye benchi la mbele, kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi, kipaza sauti kwenye mapaja, na spika zote mbili zinatangaza kwa maziwa yote matatu jinsi anavyokoroma. Abiria walikuwa wamejiziba midomo kwa mikono. Msichana mmoja aliniuliza kwa ishara kama amwamshe. Nikatikisa kichwa. Mama wa msichana akanyoosha mkono taratibu na kukizima kipaza sauti.

Hakuna aliyeeleza kitu safari yote iliyobaki. Watu walitazama wenyewe, wakaonyeshana wenyewe. Niliingia mfereji wa pili, nikazunguka kisiwa, nikarudi, na gati nikalifikia taratibu kiasi kwamba Mjomba hakuamka mpaka abiria wa mwisho aliposhuka.